Bia ya Poland imeandikwa 21%: hii inanyweka kweli?

Mbeya_Kwanza ameandika:

Wakuu, habari za majukumu.

Niko Wrocław, nafanya kazi kwenye ghala la mizigo nje kidogo ya mji. Jumamosi hii wenzangu wa zamu wamenialika nyumbani kwa mmoja wao. Wanasema ni siku ya porter na kila mtu aje na chupa yake. Nikaona si vizuri kwenda mikono mitupu, nikapita dukani.

Jamani, bia zimejaa ukuta mzima! Mimi nimezoea baa ya mtaani kwetu, mhudumu anauliza swali moja tu, ya moto au ya baridi, basi. Bia yako ya Safari inakuja, maisha yanaendelea. Hapa nimesimama mpaka mlinzi akaanza kuniangalia. Jasne, ciemne, pszeniczne, mocne, miodowe, nyingine ina picha ya mbuzi, nyingine ya nyati.

Nikashika chupa moja nyeusi imeandikwa Porter. Kugeuza nyuma nakuta 21%. Nikairudisha mahali pake taratibu. Konyagi tu ni 35 na mtu unaipima kwa adabu, sasa nusu lita ya 21 unainywaje ukiwa umekaa na watu wa heshima?

Naomba wenye uzoefu mnisaidie:

Hiyo 21% ni kilevi kweli? Na hizi aina zote zinatofautiana nini, au ni majina tu? Halafu kuna wadada kazini niliwaona wanakunywa bia nyekundu kwa mrija, ile nayo ni nini?

Bajeti yangu si ya bosi. Nawasilisha.

Kisumu_Ndogo ameandika:

Bro, 21% hiyo si bia, ni chang'aa iliyovaa tai. Chukua kopo la kawaida, uende ukale chakula cha watu, urudi ukijua jina lako. Lakini ngoja wenye kujua waje.

DadaWaKaunta ameandika:

Mbeya_Kwanza, rudi dukani ukaichukue ile chupa. Kisumu_Ndogo mwache na chang'aa yake.

Mimi namimina bia hapa Poznań, kwenye baa yenye mabomba mengi, zile ambazo pipa likiisha tunafuta jina ubaoni na kuandika lingine kwa chaki. Hilo swali la asilimia nalipata kila Januari, na si kutoka kwetu wageni tu.

Geuza chupa usome tena, utakuta namba mbili. Moja imeandikwa ekstrakt, au kwa kifupi ekst., na nyingine alk. Kilevi ni hiyo ya alk. Ekstrakt ni kipimo cha togwa lake: kabla hamira haijatiwa, katika kila kilo mia za yale maji ya kimea, kilo ngapi ni sukari na vitu vingine vilivyoyeyuka humo. Hamira inakula sehemu ya sukari na kuifanya kilevi, inayobaki ndiyo inakupa uzito mdomoni. Hesabu yangu ya kaunta ni kugawa ekstrakt kwa mbili kisha kupunguza kidogo. Bia ya kawaida yenye ekstrakt 12 inatoka na kilevi cha asilimia tano na ushee. Porter ya Żywiec ina ekstrakt 21, kilevi chake 9.5. Hata ushuru wa bia huku unapigiwa hesabu kwa digrii hizo za togwa, si kwa kilevi.

Sasa huo ukuta wako. Sehemu kubwa ni kitu kimoja kinachoitwa majina mengi. Jasne pełne ni lager ya dhahabu, nyepesi, ya kunywa ikiwa baridi. Tyskie, Lech, Żubr (ndiyo huyo nyati wako), Żywiec, Warka, Tatra, Okocim, Perła ya Lublin. Mtu wa Safari hapotei humo hata kidogo. Tyskie, Lech na Żubr ni nyumba moja, na mwenye nyumba ni Asahi wa Japani. Żywiec, Warka na Tatra wako kwa Heineken. Okocim ni ya Carlsberg. Nina mteja mzee anayeapa kwamba Tyskie haitapita kooni mwake, yeye ni Lech tu, kwa sababu Lech ni ya Poznań. Nikimfunika macho sijui kama angezitofautisha, ila sijawahi kumwambia. Anaacha chenji nzuri.

Ciemne ni nyeusi tu, inaweza kuwa laini na tamu. Pszeniczne ni ya ngano, nyingi zinafuata mtindo wa Wajerumani, zina ukungu na harufu ya ndizi mbivu na karafuu ingawa hakuna aliyetia ndizi wala karafuu, ni kazi ya hamira. Miodowe ina asali, Ciechan wa Ciechanów wanajulikana kwa hiyo. Huyo mbuzi ni koźlak, lager nzito ya rangi ya kahawia. Ukiona ya Amber, kiwanda cha karibu na Gdańsk, jaribu, haikuumizi mfuko.

Mocne zipite. Ni lager zilizosukumwa mpaka asilimia saba hivi, utamu unakwama kwenye ulimi na kilevi kinakupiga puani. Bei yake ni rafiki na ndiyo maana zinanunuliwa, simlaumu mtu. Lakini kama lengo ni kuonja, hapo hakuna cha kuonja.

Porter ni habari nyingine. Karne ya 18 Waingereza walikuwa wanapakia bia zao nyeusi nzito melini na kuziuza bandari za bahari ya Baltic. Watu wa huku wakazipenda. Napoleon alipofunga bandari za Ulaya kwa bidhaa za Uingereza, mzigo ukakatika, kiu haikukatika, viwanda vya huku vikapika vyao. Baadaye, katika karne ya 19, wakaingiza hamira ya lager, ile inayofanya kazi polepole kwenye baridi. Ndiyo maana porter ya Baltic haifanani na stout ya Guinness unayoijua: haina ule ukavu wa kuungua, ni laini, imetulia kwa miezi pishini. Żywiec wanaipika tangu 1881, na siku hizi inapikiwa Cieszyn, kiwanda cha zamani cha 1846 mpakani na Ucheki.

Utakachokipata kwenye glasi ni ukoko wa mkate mweusi, chokoleti isiyo na sukari, zabibu kavu, kahawa kwa mbali. Halafu 9.5 hiyo huisikii mpaka usimame. Usiinywe ikitoka moja kwa moja kwenye friji, itakuwa kama maji meusi. Itoe, iache ipumue nusu saa. Gawaneni chupa moja watu wawili kwenye glasi ndogo. Anayekunywa porter kwa kopo la nusu lita kwa kasi ya lager, mimi namkatia huduma mapema, nampa maji.

Hiyo Jumamosi yako si ya kubahatisha. Ni Jumamosi ya tatu ya Januari, siku ya porter ya Baltic, wameianzisha 2016. Baa yetu siku hiyo karibu bomba zote zinatoka nyeusi. Kuna za pipa la wiski, kuna zilizotiwa ladha nyingine, sina hamu nazo. Lakini ukikutana na Imperium Prunum ya Kormoran, wale wa Olsztyn, omba hata kidole kimoja. Wanatia plamu zilizokaushwa kwa moshi, suska za Sechna, na kilevi ni 11. Bei yake si ya bajeti uliyoitaja. Wewe nunua Żywiec au Komes ya Miłosław, zote zinaheshimika, na hakuna atakayekucheka.

Sasa nakuja kwenye ile ninayoipenda mimi, na hujaiuliza, lakini mada hii siwezi kuifunga bila hiyo.

Inaitwa Grodziskie. Grodzisk Wielkopolski ni mji mdogo, kutoka hapa Poznań unakwenda na kurudi siku hiyohiyo na muda unabaki. Huko walikuwa wanapika bia ya kimea cha ngano kitupu, bila shayiri kabisa, na kimea chenyewe wanakikausha kwa moshi wa kuni za mwaloni. Ekstrakt yake haifiki hata 8. Kilevi ni asilimia tatu na kidogo. Ina gesi nyingi sana, povu linapanda nusu ya glasi na kukataa kushuka, na tofauti na ngano za Wajerumani hii ni angavu, unasoma gazeti kupitia glasi. Zamani waliisafisha kwa utando wa kibofu cha samaki, mashapo yote yakazama. Waliiita shampeni ya Poland, na kwa mara moja jina la kujisifu halijazidi chumvi.

Fikiria hesabu yake: porter ni ekstrakt 21, hii ni 7.7. Moja ya baridi kali na kiti cha karibu na jiko, nyingine ya mtu aliyetoka kuvuna, anakunywa tatu na bado anaweza kupanda ngazi. Zote mbili ni za huku kabisa, halafu ukiingia dukani ndizo ngumu kuziona kwa sababu zimezibwa na kreti za kopo la dhahabu.

Wenyeji wana hadithi ya mtawa Bernard wa Lubiń. Kisima cha Grodzisk kilikauka, wapika bia wakabaki wanaangaliana, Bernard akaomba, maji yakarudi. Watu wa mji wakawa wanampelekea shukrani ya pipa la bia kila mwaka huko monasterini. Hadithi ni hadithi, lakini maji ya kile kisima walikuwa wanayalinda kama mali.

1993 kiwanda kikafungwa. Ndiyo, bia ya karne na karne ikaishia hapo, kwa sababu wakati ule kila mtu alitaka lager ya dhahabu yenye tangazo la televisheni. Kilichoiokoa ni watu wanaopika bia majumbani. Walitafuta hamira yake, wakawahoji waliowahi kufanya kazi kiwandani, wakabishana kuhusu moshi kiasi gani na hopsi zipi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu. 2015 kiwanda kilekile kikafunguliwa upya na wenye kiwanda cha Fortuna cha Miłosław. Mimi nikimimina Grodziskie kwa Mpolandi wa miaka sitini na ushee, mara nyingi ananusa kwanza, halafu ananiangalia kama nimemtajia jina la mtu anayemjua.

Ya mrija nitairudia, kuna wateja wameingia.

DerevaWaSilesia ameandika:

Dada wa Kaunta, heshima yako, umeshusha nondo. Ila hiyo Grodziskie mimi nimeinywa, na naapa inanukia kama banda la kukaushia samaki. Unakunywa bia unatafuta ugali. Kilevi asilimia tatu, bei zaidi ya Tyskie. Hapana.

Niko Katowice, naendesha lori. Jirani yangu ni Tychy, kwenye kiwanda cha Tyskie, historia yao inaanzia 1629. Wana makumbusho yao ndani ya lililokuwa kanisa la Waprotestanti, mtu akipita huku akaione. Lager ya hapa ni ya wachimba makaa, imetengenezwa ili mtu aliyetoka chini ya ardhi apate kitu baridi kwa bei inayoeleweka. Mnaidharau kwa sababu iko kila mahali.

Na kuna jambo wengi hawajui. Kabla ya 2016 Tyskie na Lech zilikuwa za kampuni kubwa ya bia, SABMiller, ndio haohao waliokuwa na mkono TBL, wapika Safari kule Dar. Kwa hiyo Safari yako, Mbeya_Kwanza, na Tyskie ya hapa, walikuwa wanakula sahani moja. AB InBev, jitu jingine la bia, aliponunua SABMiller, hizi za Poland zikauzwa kwa Wajapani, za Afrika akabaki nazo. Ukinywa Tyskie unakunywa na shemeji.

Jambo la maana kuliko yote: kama una gari, porter ya Jumamosi usiende nayo barabarani Jumapili asubuhi. Huku mwisho ni promili 0.2, yaani sehemu 0.2 za kilevi katika kila sehemu elfu za damu. Kutoka hapo mpaka 0.5 ni kosa, ukivuka 0.5 ni jinai na leseni inaondoka. Polisi wanafunga barabara alfajiri na kupulizisha kila anayepita, hawaulizi umelala saa ngapi. Mimi kazi yangu ni leseni. Siku ya safari kesho, nakunywa chai.

MtotoWaUnguja ameandika:

Assalaam aleikum nyote. Mimi sinywi, nasoma Gdańsk, nimevutwa na kichwa cha habari.

Nina maswali mawili kwa Dada. Wenzangu wa darasani wananiletea kopo la 0% kwa nia njema, nami najikuta nasoma lebo mbele yao mpaka naona haya. Zote ni salama kwangu? Pili, soko la Krismasi hapa wanauza bia ya moto, inatoka mvuke, na ndani inaelea karafuu. Karafuu! Bibi yangu angeona zinavyotumika angewapigia simu shirika la biashara Unguja.

Mchango wangu mdogo: hapa Gdańsk ndipo alipoishi mwanafalaki Jan Heweliusz, karne ya 17. Huyo bwana alichora ramani ya mwezi, lakini riziki yake ilitoka kwenye upikaji bia, familia yao walikuwa na viwanda. Mwalimu wetu anasema bila bia asingepata hela ya darubini.

DadaWaKaunta ameandika:

Wa aleikum salaam MtotoWaUnguja. Mdogo wangu, usione haya, soma lebo. Sheria ya huku inaita kinywaji cha kulevya pale kinapozidi asilimia 0.5. Kwa hiyo kopo likiandikwa bezalkoholowe tu, ndani yake yaweza kuwa na hiyo nusu asilimia. Lililoandikwa 0,0% (wao wanatumia mkato badala ya nukta) ndilo linalodai halina kitu. Kama hata ladha ya bia huitaki, waambie tu, Wapolandi hawachukii mtu anayesema wazi. Kaunta yangu inauza 0,0% nyingi kuliko watu wanavyodhani, na wanunuzi ni madereva, wajawazito na vijana wanaotaka kuamka mapema.

Huyo Heweliusz wako alipika jopejskie, bia ya Gdańsk nzito kupita porter, karibu na asali ya maji. Watu walikuwa wanaitia kwenye mchuzi. Kuna wanaoipika tena siku hizi, inauzwa chupa ndogo kwa bei ya manukato. Nimeionja. Kijiko kimoja kilinitosha, na hicho kijiko nakikumbuka.

Bia ya moto, grzane piwo, ni lager iliyopashwa na asali, karafuu, mdalasini, tangawizi, ganda la chungwa. Isichemke, ikichemka kilevi kinapotea na uchungu wa hopsi unabaki peke yake. Wenye mafua wanaiagiza kama dawa. Karafuu zinatoka wapi sijauliza, nitauliza.

Mbeya_Kwanza, ile nyekundu ya mrija ni piwo z sokiem: lager ya kawaida na kipimo cha sharubati ya rasiberi, sok malinowy. Wengine wanataka ya tangawizi. Usiicheke mbele ya wadada wa kazini. Mabwana wenye ndevu wanaokuja kutoa mhadhara kwamba bia haitiwi sharubati, nikiwauliza wanachokunywa ni sour, bia chachu, yenye maembe na passion. Tofauti iko wapi? Sharubati tu imetiwa kiwandani badala ya kaunta.

Dereva, kuhusu samaki. Sikatai pua yako. Lakini moshi wa mwaloni ni mwepesi kuliko moshi wa bia za Bamberg kule Ujerumani, ukiinywa karibu na chakula chenye mafuta unapotea. Ulikunywa na nini? Najua madereva, ulikunywa peke yake, garini, jioni, ya vuguvugu. Hiyo bia inataka ubaridi na glasi ndefu, gesi ipate pa kupandia. Na sijaidharau Tyskie. Nimesema haitofautiani sana na jirani zake, na hilo bado nalisema.

Nimesahau kundi moja, bia za watengenezaji wadogo, maana kwa baa yetu ndilo linalolipa kodi ya pango. 2011 PINTA walitoa Atak Chmielu, ndiyo IPA (bia ya hopsi nyingi na uchungu) ya kwanza ya mtindo wa Kimarekani kuuzwa huku. Kiwanda chao wenyewe hawakuwa nacho, walikodi matangi ya wengine, na wengi wakafuata njia hiyohiyo: una mapishi, una jina, unakodi kiwanda. Baada ya hapo zikaja AleBrowar, Artezan, na sasa majina yamejaa mpaka mimi mwenyewe nasoma ubao kabla ya kujibu mteja. Uchungu wa balungi, harufu ya msonobari, ukungu wa maji ya machungwa, kila wiki kitu kipya. Nyingine ni nzuri kweli. Nyingine ni mtu amejaza kila alichokiona sokoni.

Ajabu yake ni kwamba hopsi za mtindo huo walizitoa Marekani, wakati Poland yenyewe ni mkulima mkubwa wa hopsi, Ulaya wanaomtangulia ni Ujerumani na Ucheki. Ukipita mkoa wa Lublin wakati wa kiangazi utaona mashamba ya nguzo ndefu, mizabibu si mizabibu, imepanda juu ya waya kuliko nyumba. Lubelski ndiyo ya asili, harufu yake ni ya maua na majani makavu, haipigi kelele. Marynka ni ya uchungu. Ukitaka kuisikia Lubelski bila kuzibwa na kitu, tafuta pils, lager ya dhahabu yenye uchungu wa hopsi, ya kiwanda kidogo, si IPA. Wanaonisikiliza kwenye hilo ni wachache.

Kisumu_Ndogo ameandika:

Dada, sasa nimeelewa, chang'aa imevua tai. Lakini niambie ukweli: hizo za maembe na passion, sisi tunatoka kwa maembe, tunakuja huku kulipia maembe ndani ya bia zloti ishirini?

DadaWaKaunta ameandika:

Kisumu_Ndogo, maembe yenyewe yanakuja kwenye ndoo, yameshasagwa. Hiyo ishirini usinilaumu mimi, namimina tu.

Mbeya_Kwanza ameandika:

Dada, Mungu akuzidishie. Nimerudi, nimenunua porter mbili za Żywiec na moja Komes. Mlinzi aliniona tena, safari hii nimesoma lebo kwa sauti.

Nimetafuta Grodziskie duka la karibu hakuna. Maswali ya mwisho kabla sijaenda: wanakula nini na porter? Niende na chakula? Na je, nikiwa nasubiri tramu nikafungua chupa moja kupasha mwili, ni sawa? Baridi ya leo si ya kawaida.

DerevaWaSilesia ameandika:

Usifungue kituoni! Faini ni zloti 100 na maneno mengi juu yake. Ina sheria yake tangu 1982, kunywa hadharani hapana, isipokuwa sehemu ambazo mji wenyewe umeruhusu. Vaa kofia.

DadaWaKaunta ameandika:

Dereva amejibu. Na chupa ya 9.5 kwenye baridi haipashi mwili, inakudanganya tu kwamba umepata joto.

Chakula: porter inakwenda na vitu vitamu vya giza na vitu vya chumvi. Sernik, ile keki ya jibini, ni jibu la kwanza. Jibini la moshi la milimani, oscypek, limepashwa kidogo, juu yake jamu ya żurawina, tunda dogo jekundu lenye uchachu. Nyama ya nguruwe iliyookwa kwa wanaokula. Kama unataka kupeleka cha kwenu, peleka karanga za kukaanga zenye chumvi, uzikaange mwenyewe, uone zitakavyoisha kabla ya keki yao. Chapati usipeleke, watataka uipike kila mwezi.

Grodziskie usiitafute duka la kona. Nenda duka linalouza bia tu, Wrocław yapo, uliza kaunta, watakuletea kutoka nyuma. Chukua moja, uwape baada ya porter zote, saa mdomo umechoka na utamu. Wengine watasema kama Dereva, samaki. Yuko mmoja atakayenyamaza na kuomba nyingine, huyo mshike, ndiye wa kukaa naye kazini.

Zile zenye amana, utaona neno kaucja kwenye risiti, chupa usitupe, zirudishe upate hela yako. Porter nyingi haziko humo lakini angalia.

Na muulize mwenye nyumba mapema kama ana glasi ndogo. Wengi hawana, wanatoa zile kubwa za nusu lita walizopewa bure na kiwanda. Mwambie atoe za divai.